Jibu la Tano Liko Jikoni

...lakini mbona hawalisemi, jamani, lipo wazi kabisa, na Ng'washi ameukaza mwiko ndani ya sufuria la makande asije akapiga kelele, maana hatua tatu tu kutoka jikoni kwake, ndani ya kidato cha pili, Mwalimu Clement ameandika ubaoni neno moja, run, na watoto wamemtajia maana nne, kukimbia wamesema, kuendesha duka wamesema, kamasi kutiririka wamecheka weee wakasema, basi la abiria kufanya safari zake Bariadi hadi Maswa nalo wamesema, "Bado jibu moja, nani analo?" wanatazamana... analo yeye, mpishi, miaka kumi na moja anapika chini ya dirisha hili na Kiingereza kinamwangukia pamoja na vumbi la chaki, analo tangu enzi za Mwalimu Perpetua aliyehamishiwa hapa Sola akitokea mbali, blauzi yake nyeupe Ng'washi aliifua pamoja na kitenge chekundu, mama wa watu akapiga ukelele, "The colour has run!" naye Ng'washi akageuka kutazama rangi imekimbilia wapi... walicheka mpaka wakakaa chini, kumbe ni kuchuja, rangi imechuja, hilo hapo, la tano! "Fikirini, fikirini," anasema mwalimu, wafikiri nini tena, lakini Gloria binti yake yumo humo, mstari wa pili, mama akiropoka mtoto atajificha chini ya dawati, wenzake watamtania mwezi mzima, mpishi kajibu, mpishi kajibu... na ile fomu ya masomo ya jioni ya watu wazima, imekunjwa kwenye pindo la kanga tangu Jumatatu, inasubiri sahihi ya mwalimu mmoja tu na mwisho ni kesho, kila siku anampelekea Clement chai na kila siku anarudi na fomu yake, anaona haya, haya ya nini, nani kasema darasa linaanzia mlangoni, amesoma hapa miaka kumi na moja kwa kusimama, moshi machoni, wengine wamemaliza wakaenda zao yeye bado yupo, mwanafunzi gani mwingine kavumilia hivyo, na mwanafunzi mwenye jibu hunyoosha mkono... eh, umenyooka kweli, mwiko juu, mchuzi wa maharage unamdondokea begani, Mwalimu Clement amegeukia dirisha, "Mama Gloria, chakula tayari?" bado, mwalimu, chakula bado, jibu ninalo.