Simu Iliyolia Mkobani mwa Wifi

Fundi Mkasi alikataliwa mkopo akiwa amevaa gauni aliloshona maalumu kwa kwenda kuupokea. Shule ilikuwa imempa kazi ya sare kwa sharti moja: awe na mashine ya overloki, ile ya kufunga kingo za nguo zisifumuke, kabla ya muhula kufunguliwa. Bila mkopo hapati mashine, na bila mashine kazi inakwenda kwa mwingine.

Afisa mikopo wa benki alimweleza taratibu kwamba taarifa yake ya mikopo ina doa, mkopo wa simu usiolipwa. Fundi akaapa kuwa hajawahi kukopa hata sindano. Basi nenda kaione mwenyewe, akaambiwa, ni haki yako.

Nyumbani, aliposimulia yaliyomkuta, dada wa mumewe alitangaza mbele ya wote kwamba dawa ya deni kulipa, na asiyelipa asiote mashine. Nani alimwuliza? Lakini ndiyo mawifi hao. Fundi akameza hasira yake.

Asubuhi alichukua kitambulisho, akaenda ofisi ya taarifa za mikopo, akapewa nakala yake bure. Alidhani atakuta mambo ya kitaalamu ya kumtoa jasho. Kumbe ni maneno ya kawaida tu: wewe ni nani, umekopa wapi, unalipaje, na nani ameulizia habari zako. Penye doa paliandikwa namba ya simu, na namba ile aliijua. Ilikuwa laini yake ya zamani, aliyompa wifi mwaka ule wifi huyo alipopoteza kitambulisho akashindwa kusajili yake. Kwao laini hupeanwa kama chumvi, na hakuna anayekumbuka kwamba jina la mtoaji linakwenda nayo.

Jumapili familia ilipojaa sebuleni, wifi akaanza tena hadithi ya madeni. Fundi hakubishana. Alikunjua karatasi, akaisoma kwa sauti namba yenye deni, kisha akaipiga. Mkoba wa wifi ukalia.

"Pokea, wifi," alisema. "Ni yule mdaiwa sugu anakupigia."

Mama mkwe, ambaye kicheko chake ni cha nadra kama harusi ya bibi kizee, alicheka hadi akafuta machozi. Wifi akatafuta pa kuficha uso, hakupaona. Kesho yake alilipa deni lote, laini ikafungwa, taarifa ikarekebishwa. Benki ilipoisoma upya ikatoa fedha.

Overloki iliponguruma mara ya kwanza, Fundi Mkasi alipiga kigelegele peke yake kibandani, na wala hakuona haya. Sare zikaisha kabla ya muhula.

Siku moja wifi akaja na gauni la kutia pindo, akaomba alipe mwisho wa mwezi. Fundi hakuinua macho kutoka kwenye mashine.

"Hewala, wifi. Kaniletee kwanza taarifa yako ya mikopo."

Wifi akafungua mkoba, akalipa palepale.