Mke Mdogo wa Fundi Saa

Mshona mapazia alikuwa na mke mwenza, na huyo mke mwenza aliishi ndani ya chungu cha udongo.

Ndivyo alivyozoea kuwatania majirani. Mumewe, fundi saa, mtu wa maneno machache na subira isiyoisha, alikuwa ameujaza ua wao vyungu vya matunguu ya maua, yale yanayofanana na vitunguu vya jikoni ila ukiyala utajuta. Mengine yalichanua mara moja kwa mwaka, siku tatu, basi. Lakini moja, lililotokana na mbegu alizogawana na rafiki yake mpiga chapa, lilikuwa halijachanua hata siku moja. Miaka tisa! Miaka tisa mtu mzima na akili zake anachutama mbele ya chungu, anakisemesha, na mkewe yupo dirishani kwenye cherehani anaona kila kitu.

"Mke mdogo ameamkaje?" angemuuliza.

"Amenuna," fundi saa angejibu. "Ila mwaka huu atacheka. Utaona, bibie."

Mkewe hakuwahi kuvigusa vile vyungu. Si kwamba alikatazwa. Tuseme ukweli, alikuwa na wivu, na kumwonea wivu kitunguu ni aibu, kwa hiyo aliugeuza utani.

Kisha moyo wa fundi saa ukamwangusha kazini, kichwa juu ya meza, kioo cha kukuzia bado kimebana jichoni. Akalazwa. Mkewe alikimbia nyumbani kuchukua shuka, akapita uani, akakikuta chungu cha mke mdogo kimelala ubavu chini ya paa, kwenye kona isiyoonekana kutoka dirishani. Udongo umekauka kama unga, jani hakuna hata moja. Paka hawa jamani, na mwenyewe hayupo! Akakisimamisha, akakifuta vumbi, akakimiminia kopo zima la maji.

"Nisamehe, mwenzangu," akakiambia, machozi yanamtoka. "Tumebaki wawili. Tumsubiri."

Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya kwenda hospitali, alikinywesha. Kule mumewe angeuliza, "Uani kukoje?" naye angejibu, "Kuzuri, usijali." Fundi saa hakutaja maji. Angeyatajaje? Mke wa ndoa ya miaka ishirini na sita, hajawahi hata kugusa chungu, nani angewaza kwamba ataanza sasa?

Wiki ya tatu alisikia harufu. Akalibonyeza tunguu kwa kidole, kidole kikazama. Akalivuta, shingo ikabaki mkononi, na chini yake hakukuwa na kitu ila uji wa kahawia unaonuka. Alikaa pale pale chini na gauni lake la kutokea, akalia. Tunguu lilikuwa limeoza kwa maji aliyolimwagia yeye mwenyewe, kopo kwa kopo, na alilijua hilo bila kuambiwa na mtu.

Siku hiyo hiyo, kama vile amenusa, fundi saa akamuuliza, "Bibie, limetoa chochote?"

Alikuwa amekonda, siku nne hajatia chakula mdomoni. Daktari alishamvuta mkewe pembeni akamwambia ajikaze. Sasa amwambie nini? Wewe ungemwambia nini?

"Limechanua," akasema.

Macho ya mumewe yakawaka. "Acha utani."

"Haki ya nani. Leo asubuhi."

"Nieleze."

Loo, uongo nao una kazi yake. Hakuwahi kuliona ua la namna hiyo maishani. Akaazima rangi ya pazia alilokuwa akilishona. "Jekundu, ila si jekundu la kupiga kelele. Katikati njano kidogo. Limekaa juu ya majani yake, majani mapana, mabichi, huku na huku, kama bibi harusi kitini."

"Juu ya majani," akarudia fundi saa.

"Majani mengi! Yanang'aa."

Alimtazama mkewe. Akauchukua mkono wake, akauangalia. Kucha bado zilikuwa na udongo mweusi. Akaufunika kwa mkono wake.

"Basi mke mdogo amependeza," akasema. "Umenitunzia vizuri. Hebu nipe hiyo supu uliyoleta."

Akainywa yote. Mkewe aliliosha lile bakuli kwenye sinki ya wodi huku akiimba chini chini. Kesho yake fundi saa akafa.

Wiki mbili baada ya mazishi, mpiga chapa alibisha hodi, amekumbatia chungu.

"Shemeji, langu limechanua juzi. Nilitaka alione yeye wa kwanza. Nimechelewa."

Shina lilikuwa limesimama peke yake kwenye udongo mtupu, na juu yake ua jeupe, kubwa kama sahani ya chai. Mshona mapazia alilizunguka, akainama, akatafuta.

"Majani yake umeyakata?"

"Kuyakata? Aa, hili, ua ndilo linalotangulia. Linalala miezi mingi bila maji, chungu unakilaza ubavu mvua isiingie. Likiamka linatoa ua tupu, majani yanakuja baadaye kabisa. Mumeo ndiye aliyenifundisha, mimi ningejulia wapi?"

Mshona mapazia alikaa kwenye ngazi ya mlango. Mpiga chapa akaweka chungu chini haraka, akidhani anaanguka.

"Alijua," mjane akasema.

"Nani, shemeji?"

"Nilimwambia lina majani, na kucha zangu zina udongo. Alijua hapo hapo kwamba nimeliua." Alijifunika uso kwa mikono miwili. "Siku nne alikuwa hataki chakula. Akainywa ile supu yote ili nisijue kwamba anajua. Nami bakuli nililiosha huku naimba."