Kilo Tano za Jepleting

Wewe unayesoma, ulikuwa unaangalia kando. Usibishe. Ulisikia ripoti ikisema akina mama wajawazito wa Keringet wako sawa kwa uzito, ukamaliza chai yako ukaendelea na maisha. Basi sikia hiyo hesabu ilivyopikwa.

Jepleting, mjamzito, alikuwa akipalilia viazi vya watu. Mitchelle, msichana wa utafiti kutoka Nakuru mjini, akasimama mbele yake na simu ya kujazia majibu.

"Mathe, una kilo ngapi?"

"Si unipime?"

"Mizani hatukupewa. Nitajie tu."

Jepleting akacheka. "Hata viazi havinunuliwi hivyo!"

Lakini jibu alikuwa nalo. Juzi alipanda mizani ya Kiprotich, broka anayenunua viazi vya wakulima, ikasoma arobaini na tatu. Na nani Keringet hajui kwamba mizani ya Kiprotich inaiba? Mkulima akipimiwa gunia, anaongeza kilo tano kichwani ndipo apate ukweli. Jepleting naye akajiongezea, kama kawaida.

"Arobaini na nane."

"Poa. Unga wa lishe ni wa walio chini ya arobaini na tano. Wewe uko sawa, mathe."

Jioni akapita kwa Kiprotich kumchokoza. "Boss, ungeniibia zaidi ningepata unga!"

Kiprotich hakucheka. "Wizi gani tena? Si mlinigomea mwezi jana? Hiyo mizani nilishairekebisha, ila sikutangaza. Siku hizi inasema haki."

Jepleting akaelewa: ile arobaini na tatu ndiyo ilikuwa kweli. Akashika tumbo. Mtoto siku hizi alicheza kwa uvivu, na yeye alikuwa amejiambia ni baridi tu.

Akaomba simu ya Kiprotich, akampigia Mitchelle kwa namba aliyomwachia.

"Pole, mathe. Majibu yameshaenda. Mimi siwezi kuyabadilisha."

"Basi rudi unipime!"

"Kwa mizani gani?"

Simu ikakatika. Jepleting akapanda tena mizani ya viazi, kandambili zikiwa na matope. Kiprotich akachungulia, kisha akatazama chini.

"Ngapi?"

"Arobaini na mbili."

Hakushuka. Ashuke aende kwa nani?

Sasa inuka wewe. Watafute walioandika ripoti hiyo, uwaambie wabebe mizani wapande Keringet. Si kesho. Jepleting bado amesimama juu ya mizani ya viazi. Nenda!