Wavu wa Msusi

Jumamosi moja asubuhi msusi alikuwa amefika kisogoni mwa wifi yake, kitana mdomoni, pale wavu ulipomkaza kifuani.

Wavu huo alishonewa na daktari alipomrudishia titi la kushoto, baada ya saratani kuondoka na la kwanza. "Huu utashikilia silikoni isishuke," daktari alimweleza. "Nyama yako itaota humo, mtazoeana." Walizoeana kweli. Msusi alijishonea gauni la kubana akapita nalo mtaa mzima, shingo juu, na waliotaka kutazama wakatazama.

Wifi aliliita titi la dukani. Hata siku hiyo alisema hivyo, huku kichwa chake kimeegemea papo hapo.

"Wifi, nenda hospitali," msusi akasema. "Titi lako la kulia lina kitu. Wavu umekaza."

"Umekaza vipi?"

"Kama kamba ya mbuzi anayegoma. Inamisha kichwa nimalize."

Akamaliza, maana hakuna aendaye hospitali kichwa nusu.

Uvimbe ulikuwepo, mdogo kama punje ya dengu. Ukatolewa mapema, wifi akarudi mzima. Hakuomba radhi, alileta majirani. "Keti, egemea," aliwaamuru kama mwenye mali. "Huyu ni wifi yangu mimi."

Habari zikafika hospitali, ambako mashine ya kupiga picha matiti ilikuwa mbovu tangu zamani, imefunikwa shuka. Wakuu wakakaa kikao. Msusi akapewa kiti na kioo, akawekwa kwenye korido, mkabala na mlango wa chumba cha mashine. Wavu ukikaza, mwanamke alipelekwa kwa daktari. Usipokaza, alirudi nyumbani amependeza. Manesi walilalamikia nywele sakafuni tu.

Siku moja mkurugenzi alipita.

"Mzee, mashine mtaitengeneza lini?" msusi akamuuliza.

"Ya nini tena, mama, na wewe upo?"

"Mimi kifua changu kimoja. Wanawake hawa uwahesabu mwenyewe."

Mkurugenzi akacheka kwa upole, akaenda zake. Wiki iliyofuata mashine ilitolewa, chumba kikajazwa magodoro.

Foleni ilitoka mlangoni, ikazunguka jengo, na mkia wake haukuonekana. Msusi akanyoosha mgongo, kifua mbele.

"Haya, mwanangu, njoo uegemee," akamwambia aliyefuata. "Usiogope kulilalia. Hili linabeba."