Shimo la Pili la Mzee Kalinga

Alhamisi, tarehe 19 Julai 1973, saa nne asubuhi, nyuma ya nyumba ya Mzee Kalinga pale Kalenga palikuwa na mashimo mawili. La kwanza lilikuwa choo, chenye banda na mlango. La pili lilikuwa limefika kina cha futi tano, na Rozalia, mke wa mwanawe, alikuwa ndiyo kwanza ametoka ndani, udongo mpaka viwikoni.

Rozalia aliongoza kikundi kilichosikiliza vipindi vya redio vya Mtu ni Afya. Nyumba kumi na tisa za kikundi zilikuwa na vyoo vilivyotumika na wote. Ya ishirini ilikuwa yake, na Jumamosi mkaguzi angekuja kuuliza kama kila mtu wa nyumba anatumia choo. Mzee hakutumia. Alikwenda kwenye mabua ya mahindi, kwa kuwa baba mkwe hashiriki shimo moja na mke wa mwanawe. Redio haikuligusa hilo. Mume wa Rozalia alikuwa kwenye mashamba ya chai Mufindi, na Rozalia mwenyewe asingeweza kumtamkia mkwewe habari za choo. Ndiyo maana alichimba la pili, kimya kimya.

Mzee akaja, akalipima kwa fimbo. Refu, jembamba.

"Anayechimba aambiwe," alisema akitazama mlimani badala ya kumtazama Rozalia, "mimi bado nakula."

Rozalia akaliona kosa lake. Shimo lilikuwa na urefu wa mtu aliyelala.

Hapo akatokea Bartholomeo, seremala, na mbao za kufunikia begani. Alikuwa Mngoni wa Songea. Babu zake walipigana na babu za Wahehe, watu wa Mzee Kalinga, pasipatikane mshindi, kwa hiyo wajukuu ni watani, na mtani husema yasiyosemeka. Msibani ndiye huingia kaburini, asitoke mpaka apewe kuku.

Alitua mbao, akashuka shimoni, akalala chali.

"Kamwene, mtani," alisalimia kwa Kihehe. "Najaribu kama patakutosha."

"Toka humo."

"Sitoki. Wewe nenda mabuani, kama babu yako alivyomkimbia babu yangu."

"Babu yako ndiye aliyekimbia. Mpaka leo hamjapumzika."

"Basi leo napumzika. Jumamosi mkaguzi atanikuta hapa nimechuchumaa. Ataandika: nyumba ya Mhehe, choo cha Mngoni. Wajukuu zako watakuwa wanabisha hodi kwangu."

Nyuma ya jiko alikokuwa amejibanza, Rozalia aliuma pindo la khanga asicheke.

"Mngoni," alisema mzee, "toka chooni kwangu."

Bartholomeo akainuka, akajipangusa vumbi taratibu. "Haya. Na kuku wangu?"

"Kuku ni wa kaburi. Wewe umeona kaburi hapa?"

Mbao zilipigiliwa mchana uleule, na banda likasimama Ijumaa. Jumamosi, saa tatu asubuhi, mkaguzi alifika. Mzee hakungoja kuulizwa. Alipita mbele yake na kopo la maji, akaingia, akavuta mlango.

Mkaguzi akaandika: vyoo viwili, vyote vinatumika.