Maji ya Juu ya Wanga

Mama Kidosho alikuwa akimtengenezea dobi wanga wa kukazia kola za mashati. Siku hiyo alitumia muhogo mchungu. Aliukuna, akautia maji, akaukamua kwa kitambaa safi, kisha akaliacha beseni litulie chini ya dirisha.

Wanga huteremka polepole, kama usingizi. Juu yakabaki maji meupe meupe. Ukiyatazama utadhani maziwa.

"Mama, wanga unatoka wapi?" aliuliza Kidosho, bintiye wa pekee, mwanasesere kifuani.

"Kwenye jua."

"Muongo wewe."

"Nikudanganye nipate nini? Jani linatengeneza sukari kwa jua, maji na hewa. Likishiba, linashusha akiba mpaka kwenye mzizi. Huo ndio wanga. Viazi vivyo hivyo. Mahindi na mpunga vinauweka kwenye punje."

"Kwa hiyo uji ni jua?"

"Jua lililopikwa. Haya, kacheze, bibi maswali."

Joto likamlemea mama, akaegemea ukuta. Akaota mihogo imesimama chumbani, mwanga mweupe ukishuka ndani ya mashina bila sauti, mpaka kwenye miguu yake mwenyewe. Miguu ikanenepa, ikazama ardhini taratibu, naye hakutaka kuitoa.

Alipofumbua macho, Kidosho alikuwa amechuchumaa penye beseni, kikombe mkononi, midomo myeupe. Mwanasesere amelowa chepechepe.

"Umekunywa?"

"Nampa mtoto maziwa. Nimeonja kwanza, yasije yakamuunguza. Mbona machungu, mama?"

Ndivyo mama alivyomwonjea Kidosho uji kila asubuhi. Uchungu wa muhogo ule ni sumu, na sumu yenyewe hutoka na maji. Hakungoja dalili. Alimsukutua, akambeba, akakimbia hadi zahanati, kiatu kimoja kikabaki njiani.

"Ameonja au amekunywa?" aliuliza nesi.

"Sijui, dada. Nililala."

Nesi hakumsema. Alimlaza mtoto kitandani, akawa anarudi kumtazama. Pazia lilipanda na kushuka kwa upepo, na kifua cha Kidosho vivyo hivyo, hata mama akashindwa kujua kipi kinachovuta kingine. Kila macho yake yalipofumba alijifinya asilale tena.

Jua lilipolegea, nesi akamshika bega. "Kaonja tu. Shukuru ni machungu. Yangekuwa matamu angemaliza kikombe."

Nyumbani, mama alimfunga Kidosho mgongoni, akawafukuza bata wa jirani waliokuwa wakilinyemelea beseni, akachimba shimo mbali na kisima, akamwaga maji yote, akafukia. Chini ya beseni wanga ulikuwa umelala mweupe, kimya, kama hauna habari.

"Nishushe, mama. Mimi mkubwa."

"Kaa hapo hapo."

Akautia wanga maji mengine ya kuuosha, akafunika beseni kwa sinia, juu yake jiwe, akakaa mlangoni akilitazama, na mtoto bado mgongoni.