Jiwe la Polikarpo

Ufundi wa vitanda Polikarpo aliujua, lakini pale Keko watu hawakumwamkia kwa vitanda. Walimwamkia kwa jiwe la nyoka, kijiwe cheusi alichorithi kwa baba yake, ambaye alikipata kwa mapadri. Ukiumwa unachanjwa kidogo, jiwe linawekwa penye jeraha, linanasa. Likishiba sumu linadondoka lenyewe, linachemshwa kwenye maziwa, umepona. Alikuwa ametibu watu kumi na wanne, wote wazima. Mkewe, Asifiwe, ndiye pekee aliyejiuliza kama nyoka waliowauma watu hao, wale wa mitaroni, walikuwa na sumu yoyote. Alijiuliza kimoyomoyo, maana heshima ya mume ni ya nyumba nzima.

Asubuhi moja ya masika liliteremshwa kwenye karakana yao ya uani gogo kutoka Usambara, la magendo bila shaka, bado limevaa magome na majani mabichi. Polikarpo akatia mkono kuyang'oa majani, akaumwa, akapiga yowe. Kati ya majani hayo alikuwa amejikunja nyoka mdogo wa manjano na weusi, hafiki urefu wa mkono, ana vipembe juu ya macho.

Mwalimu Benjamin, mpangaji wao anayefundisha baiolojia, alikuja mbio. Akamsukumiza nyoka kwa kijiti mpaka ndani ya ndoo, taratibu, akafunika.

"Msimuue. Hawa wapo kwenye milima michache tu ya nchi hii. Anakaa vichakani anavizia vyura, tena hatagi, anazaa. Msitu wake ndio huu mnaupiga randa." Kisha akamgeukia Polikarpo. "Fundi, hospitali sasa hivi. Dawa ya sumu yake haipo, zilizopo ni za kina bafe na swila. Ila sumu hii inazuia damu kuganda, na wakikuwahi watakusaidia."

"Si umesema mwenyewe dawa haipo? Asifiwe, niletee jiwe."

"Baba Neema, twende," Asifiwe alimsihi. "Huo ni mkono wa kulia. Tutakula nini?"

"Mafundi wote hawa wananiangalia. Mie nikimbilie hospitali, kesho nani ataniamini?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Jiwe likawekwa, likanasa. Kufika adhuhuri mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko, vidole vimeanza kuwa vyeusi. Alasiri fizi zikatoa damu.

"Bado linanyonya," alisema Polikarpo, sauti imekwisha.

Hapo Asifiwe hakungoja ruhusa. Alilibandua jiwe kwa kucha zake, akalitupa kwenye maranda ya mbao, akamkokota mumewe hadi kwenye bajaji. Njia nzima alijichukia kwa kungoja saa zote zile, na akamchukia mumewe zaidi.

Hospitali waliiokoa roho kwa chupa baada ya chupa za damu. Vidole vitatu vikakatwa, na kidole gumba kikagoma kukunjika. Daktari alisema angefika asubuhi wangepigana kwa namna nyingine. Benjamin alimrudisha nyoka kwao kwa nauli yake mwenyewe. Alikotoka lile gogo alikuta visiki, ikabidi apande juu zaidi kutafuta msitu wa kumwachia.

Wiki ya nne Polikarpo alirudi nyumbani. Watu wakajaa kumpa pole. Asifiwe alikuwa ameketi pembeni yake akimlisha uji kwa kijiko, kama anavyolishwa mtoto.

"Lile jiwe ni kiboko," alisema Mzee Muhdhar, mwenye duka la misumari. "Bila lile saa hizi tungekuwa tumeshakuzika."

Asifiwe alisimamisha kijiko. Sasa atasema ukweli, aliwaza. Mtu aliyepoteza mkono wa kazi hana tena cha kuficha.

Polikarpo aliutazama mkono wake uliofungwa bandeji, akawatazama wageni.

"Kweli kabisa, mzee," alisema. "Na mama Neema asingelibandua kabla halijashiba, hata vidole vingekuwepo."

Wote wakamgeukia Asifiwe.